Tofauti gani tuondoe? Juu ya maneno yetu ya kutenga na kupambanua



Mwaka huu, katika siku nane za kuombea umoja wa wakristu, kati ya tarehe 18 na 25 ya mwezi wa kwanza, nilihubiri katika kapela moja ya kandokando ya mto Lulua, mbali kidogo na Sandoa. Mahubiri nilikuwa nimeyaandika kwa Kifaransa, jinsi wengi wetu tunavyofanya, nikayageuza katika Kiswahili njiani, juu ya pikipiki. Neno kubwa la siku ile lilikuwa hili: tuondoe tofauti zetu. Nilikuwa nalipenda, nikalirudilia mara nne ao tano, na watu wakaitika vizuri.

Kisha Misa, katekista wa pale, mzee aliyenizidi miaka zaidi ya thelathini, aliningojea mlangoni. Akaniambia kwa upole: “Padri, umesema tutoshe tofauti yetu yote. Miye mama yangu ni Mulunda, baba yangu ni Mutshokwe. Njo nitosha ya nani, ya mama ao ya baba?” Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia, “Baba, sikusema hivyo.” Akajibu: “Njo vile watu wamesikia.”

Toka siku ile nimekuwa nikisikiliza mahubiri, ya wenzangu na yangu, nimesoma tena makaratasi ya masomo tunayowapa makatekista, na maombi ya waamini tunayoyaandika Jumamosi usiku tukiwa na usingizi. Nilichokiona kimenifanya niandike kurasa hizi. Sisi tuliosoma seminari kubwa tunalo neno moja, tofauti, na tunalibebesha mizigo ambayo Kiswahili chenyewe kiliigawanya kwa wabebaji kumi.

Chanzo chake, naona, ni Kifaransa chetu. Wafaransa wana différence, na wana différend. Masikio yanasikia karibu sauti moja, lakini la kwanza ni hali ya vitu viwili visivyofanana, na la pili ni ugomvi. Sisi tunafika kwenye Kiswahili tukitupa yote mawili ndani ya tofauti. Tunasema mtoto huyu na yule wana tofauti, kwa maana mmoja ni mrefu na mwingine mfupi. Tunasema tena familia hii na ile wana tofauti, kwa maana hawasalimiani tangu kesi ya shamba. Basi padri akipanda mimbarini na kusema tofauti ziondoke, ni nani atajua kama anaomba kesi iishe ao anaomba watu wafanane? Mkristu wa kawaida, aliyesikia mara nyingi wakubwa wa serikali na wa vyama wakisema maneno ya namna hii, atachagua maana ya pili, tena kwa woga.

Mtu atasema: kamata kamusi, tafuta neno lingine. Ni shauri zuri. Tunalo Dictionnaire ya Padri Sacleux, ya 1939, ambayo mpaka leo hakuna mwenye kuipita kwa uangalifu wa lahaja. Tunayo pia Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, iliyotolewa Nairobi, ambayo waseminari wangu wanaipenda sana kwa kupamba insha zao. Siwalaumu. Lakini kamusi ya visawe kazi yake ni kukusanya, si kupima. Inapanga maneno katika mstari mmoja, na kijana anadhani yote yana uzito mmoja, achukue lile lenye sauti nzuri. Nimepata insha moja iliyosema kwamba Roho Mtakatifu anatoa “mafarakano ya karama”. Mwandishi alichoka na tofauti, akatafuta kisawe, akampa Roho Mtakatifu kazi ya shetani.

Hapo ningependa tuwatazame bila wivu ndugu zetu waliotafsiri Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka wa 1952. Ni kazi ya Waprotestanti, na Kiswahili chake ni cha pwani, mara nyingi kigumu kwa masikio ya Katanga. Lakini katika jambo hili walikuwa na macho. Mtakatifu Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 12, anaposema juu ya karama zilizo nyingi za Roho mmoja, wao waliandika tofauti. Anapokataza makundi ya Wakorinto katika sura ya 1, na anaposema juu ya mwili usiopasuka katika sura ile ile ya 12, waliandika faraka. Hawakuchanganya hata mara moja. Vulgata yenyewe ilikuwa karibu kutuponza hapa, kwani kwa karama inasema divisiones, neno ambalo mwanafunzi wa Kilatini wa mwaka wa kwanza atalitafsiri “migawanyiko” bila kufikiri. Kigriki kina diaireseis kwa karama na schismata kwa makundi. La kwanza ni kama mama anayegawa bukari katika sahani, kila mtoto na fungu lake. La pili ni kitambaa kilichopasuka. Mwenye njaa hatalalamika kwamba mama amegawa.

Neno hitilafu sisi hatulitumii sana hapa, lakini lina funzo. Kwa asili ni neno la Kiarabu la kusema kutofautiana. Wanavyuoni wa Kiislamu wanalitumia kwa wataalamu wa sheria wasiofikia fikra moja, na hawaoni aibu ndani yake. Leo ukienda pwani, hitilafu ni ya mashine: umeme umekatika, kuna hitilafu. Hivyo ndani ya neno lenyewe, kutofautiana kumegeuka kuwa kuharibika. Nadhani ndilo linalotokea kwa tofauti yetu pia, polepole, na sisi wahubiri tunalisukuma.

Sasa nije kwenye mahali ambapo jambo si la uzuri wa lugha tu, ni la imani. Sikiliza watoto wa katekesimu wakijibu juu ya Utatu Mtakatifu. Nafsi ngapi? Tatu. Namna gani? “Mbalimbali.” Nimesikia jibu hilo katika vijiji vingi, na katekista anatikisa kichwa kwa furaha. Lakini ndani ya mbalimbali mna mbali, na mbali mara mbili. Mtoto wa Sandoa anajua mbali ni nini: ni Kolwezi kwa barabara ya mvua. Baba, Mwana na Roho Mtakatifu wako mbalimbali? Basi ni miungu mitatu, kila mmoja katika kijiji chake.

Mtakatifu Toma wa Akwino alipambana na shida hii hii katika Kilatini, na waseminari wa teolojia wanajua mahali: sehemu ya kwanza ya Summa, swali la 31, kifungu cha 2. Ni ukurasa ambao ningetaka kila mfasiri wa katekesimu aukae mwezi mzima. Toma anachukua maneno ya utofauti moja moja, kama mama anayechambua maharagi, na kusema lipi linabaki na lipi linatupwa, na sababu yake. Diversitas na differentia ayaogopa, kwa sababu yanaondoa umoja wa asili ya Mungu, na Ario angefurahi. Separatio na divisio hayafai, kwa sababu Mungu hana vipande. Disparitas haifai, kwa sababu inaondoa usawa wa Nafsi. Alienum na discrepans hayafai, kwa sababu Mwana anafanana na Baba. Linalobaki ni distinctio. Kisha anageukia upande wa pili, anakataa maneno ya umoja uliopita kipimo, yale ambayo Sabelio angeyapenda, kwani ukisema Mungu ni wa peke yake kwa namna ya upweke umewapoteza Mwana na Roho.

Tazameni jinsi Toma asivyosema kwamba hayo yote ni visawe. Kwake kila neno linavunja kitu chake.

Je, Kiswahili kinalo neno la distinctio? Kinalo, na ni zuri kuliko tunavyostahili: kupambanua. Linatazama upande wa pili wa pambana, kama vile fungua kwa funga na kunjua kwa kunja. Waliopambana wameshikana, mikono na nguo, hujui huyu ni nani na yule ni nani. Mwenye kupambanua anawaachanisha bila kumfukuza hata mmoja, na kila uso unaonekana. Nafsi tatu zinapambanuka. Hazitengani, hazigawanyiki, haziko mbalimbali. Najua katekista atasema neno ni refu kwa watoto. Watoto wa Sandoa wanajua majina ya timu za mpira za Ulaya zenye silabi zaidi ya hizo.

Tena kuna jambo moja ambalo linanifurahisha kila mara nikifundisha kifungu kile. Toma anauliza kama Mwana ni alius kuliko Baba, na anajibu kwamba ni alius lakini si aliud: ni mwingine kwa Nafsi, si kingine kwa asili. Ukigeuza katika Kifaransa unashindwa, kwani autre ni autre tu, inakubidi kuongeza maneno matatu ya kueleza. Katika Kiswahili, mama muuza mikate wa sokoni anaweza kusema bila masomo: mwingine, kingine. Ngeli zetu zinafanya kazi ambayo maprofesa wa Paris wanaifanya kwa maelezo ya chini ya ukurasa. Mwana ni mwingine, si kingine. Ni kweli haitoshi yote, kwa sababu hatuwezi kusema “mungu mwingine”, na ngeli ya watu haitatulinda hapo. Inabidi mwalimu aangalie. Lakini kwa nini hatulitumii? Nadhani ni kwa sababu tulijifunza teolojia yetu katika lugha isiyo na ngeli, na hatukurudi nyumbani kuona kama mlango ulikuwa wazi.

Nimesema mengi juu ya nomino. Hatari kubwa zaidi iko katika mikia ya vitenzi. Chukua tenga. Tengana: wawili wamefanya. Tengwa: mmoja amefanyiwa. Tengeka: limetokea, hakuna mwenye kuulizwa. Mkia mmoja mdogo unatoa hukumu ya kesi nzima. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika agizo juu ya umoja wa wakristu la 1964, ulichagua kuwaita ndugu seiuncti, neno la upole kuliko separati, na ukasema kwamba watu wa pande zote mbili hawakukosa hatia. Sisi tunasemaje? Wengine: “ndugu waliojitenga.” Basi kosa lote ni lao. Wengine: “ndugu waliotengwa.” Basi kosa lote ni letu. “Ndugu waliotengana nasi” ndilo linaloshika fikra ya Mtaguso. Ndugu Wametodisti, ambao misioni yao ni ya zamani hapa kwetu, wanasikia tofauti ya mikia hii vizuri sana, kwani tunasema nao lugha moja.

Lakini mkia wa -ana, ule wa kutendeana, unaweza pia kuficha dhambi. Na hapa nataka kusema wazi. Katika 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasayi walifukuzwa Katanga, maelfu kwa maelfu. Walingojea treni katika stesheni za Likasi na Kolwezi siku nyingi, wengine walikufa pale. Waliitwa bilulu, wadudu. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa; nimezisikia habari hizi kwa wazee. Na wazee wetu, wakristu wema, wanasemaje? “Wakati ule tuliachana na Wakasayi.” “Miaka ile ya kutengana.” Nimelisikia hata katika maombi ya waamini: tuwaombee wote waliotengana. Hapana, ndugu zangu. Watu hawakutengana. Kwa kutengana lazima wote wawili waondoke, ao wote wawili wakubali. Hapa mmoja alibaki nyumbani na mwingine alipandishwa treni. Kiswahili kinayo maneno: walifukuzwa, walibaguliwa, walinyang’anywa. Tukiyaweka kando kwa sababu yanachoma, na kuchukua kisawe cha upole, tumewafundisha waamini kuungama dhambi katika sarufi isiyo na mtenda. Katika kitubio tungemrudisha mtu anayesema “kuku wa jirani aliachana na jirani”.

Kwa Sandoa yetu jambo lina mizizi ya mbali zaidi. Masimulizi ya Walunda na ya Watshokwe yanakutana kwa Ruwej, ambaye wengine wanamwita Lueji, aliyepewa bangili ya utawala na kuolewa na Cibinda Ilunga, mwindaji wa Kiluba. Ndugu yake Cinguri hakukubali, akaenda zake magharibi na watu wake. Kwa Kiswahili naweza kusema: Cinguri alitengana na dada yake. Naweza kusema: Cinguri alijitenga. Naweza kusema: Cinguri alitengwa na urithi wake. Ni habari moja, na nimekwisha kuwa hakimu mara tatu, kila mara kwa hukumu nyingine. Baadaye, katika miaka ya 1880, Watshokwe walishambulia Musumba. Na katika siasa ya 1959 na 1960, wengi wa wakubwa wa Kilunda walikuwa upande wa Conakat ya Moïse Tshombe, mzaliwa wa Musumba, na chama cha Watshokwe, ATCAR, kilikuwa upande wa Balubakat. Damu ilimwagika Katanga miaka ile. Padri anayehubiri hapa hajui ni mjukuu wa nani aliyekaa benchi la tatu. Achague kitenzi chake kama anayechagua mahali pa kukanyaga.

Bagua nalo limebadilika mikononi mwetu. Ile Union Version inalitumia katika Mathayo 25, mchungaji akiweka kondoo kuume na mbuzi kushoto. Wakati ule kubagua kulikuwa kuchagua na kuweka kando, kama kubagua mbegu njema. Baada ya Afrika ya Kusini na sheria zake za rangi, baada ya yote tuliyoyaona kwetu, ubaguzi ni jina la dhambi. Kijana mmoja wa shule aliniuliza kama Yesu siku ya mwisho atakuwa mbaguzi. Lilikuwa swali zuri, wala hakuwa anadhihaki. Nikisoma Injili hiyo sasa nasema atatenganisha, na ninaeleza kwamba kipimo chake ni mkate na maji aliyopewa mwenye shida, si uso wa mtu wala jina la baba yake.

Neno la upesi kwa makatekista juu ya ndoa, kwani hapa makosa yanaleta machozi. Sheria ya Eklezya, katika kanuni 1151 mpaka 1155, inaruhusu kwa sababu nzito bibi na bwana wakae mbali, na kifungo cha ndoa kinabaki. Hiyo ni kutengana. Kuachana, kwa masikio ya watu wetu, ni kumaliza: mali imerudishwa, kila mtu na njia yake. Padri akisema wanaweza kutengana kwa ajili ya usalama wa mama na watoto, katekista asiende kijijini kutangaza kwamba padri amewaachanisha. Nimeona bwana akioa tena mwezi uliofuata, na kitu pekee alichokuwa nacho mkononi kilikuwa kisawe.

Wenzangu wengine wataniambia kwamba ninawatesa watu kwa maneno, na kwamba wakristu wa Katanga wanasema Kiswahili cha mtaani ambacho hakina faraka wala pambanua. Nakubali kwa faraka. Kwetu tunasema kukosana, na ni neno linaloniridhisha zaidi ya lile la pwani, kwa sababu ndani yake mna kosa, na ndani ya mkia wake mna watu wawili. Waliokosana wanaweza kusameheana. Ukisema kukosana umekwisha kuonyesha njia ya kitubio. Lakini kusema mtaa hauna maneno ya kupambanua, hapana. Mzee yule wa kapela hakuhitaji kamusi kujua kwamba nilichanganya mambo mawili.

Nilirudi kwake kabla ya Kwaresima. Nilikuwa nimeandika upya ombi la umoja: tuombe ili waliokosana wapatane, na kila mtu ashike fungu alilopewa na Roho. Neno tofauti nililiacha kabisa. Nikampa karatasi, nikamwomba aligeuze katika Kitshokwe na Kilunda kwa ajili ya Jumapili. Alilisoma polepole, akilifuata kwa kidole. Kitshokwe kilitoka bila shida. Kwa Kilunda alisimama kwenye “fungu”, akafikiri, akasema kwamba kwa mama yake neno lile linasikika kama fungu la nyama ya mwindaji, na fungu la namna hiyo watu wanagombania. Akaniuliza kama kuna lingine. Bado tunalitafuta, yeye na mimi, na Jumapili ile ombi lilisomwa kwa Kitshokwe na Kiswahili tu, na Walunda wakanilalamikia mlangoni.